UZI: Kutambua viumbe wa malimwengu mengine kwenye D&D (aina kwanza, kisha kwao, mwisho jina)

Bi_Arkana (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwenye mchezo wetu huu wa kuigiza wahusika kwa dadu (Dungeons & Dragons), swali la "nimerusha Arkana nikapata 17, naambiwa nini?" (Arkana ni ujuzi wa mambo ya kichawi) linarudi kila mwezi, na kila DM (mwendesha mchezo) ana jibu lake. Nadhani tatizo ni kwamba tunachanganya mambo matatu: aina ya kiumbe, kwao ni wapi, na ni yupi hasa. Kila moja lina kazi yake mezani. Aina inaamua kama uchawi wa Detect Evil and Good utamwona na kama maji matakatifu yatamchoma. Kwao kunaamua Banishment (uchawi wa kufukuza) itamfanya nini. Jina lake hasa ndilo linalokwambia usisimame karibu naye anapokata roho.

Ili tuelewane humu: "viumbe wa kuzimu" ni fiendi wote. Ndani yao, pepo ni wa Abyss, mashetani ni wa Nine Hells, na yugoloth ni kundi la tatu. Vibwengo ni fei, vioja ni aberesheni, mizuka ni wafu wanaotembea, na madubwana ni monstrositi. Pasipotajwa toleo, nazungumzia toleo la tano la 2014.

Utaratibu ninaoupendekeza:

Kwanza DM aeleze bure kile ambacho kila mwenye macho na pua anakipata: ukubwa, idadi ya mikono, harufu, lugha inayozungumzwa, ardhi inavyobadilika chini ya miguu yake. Hapo hakuna dadu. Pili, mchezaji aseme anatafuta nini. "Namjua huyu?" ni swali pana mno. "Anatoka wapi?", "silaha gani haimuumizi?" na "akifa inakuwaje?" ni maswali yanayojibika. Tatu ndipo dadu irushwe. Akifaulu anapata jibu la swali lake, na kila pointi 5 juu ya DC (namba ya kufikia) anapata jambo moja zaidi, la DM kuchagua.

Kuhusu DC, msitumie 10 + CR (kipimo cha ugumu wa kiumbe vitani) kwenye toleo hili. Balor ana CR 19, maana yake DC 29. Mchawi wa kiwango cha 15 mwenye Int (akili) 20 anaongeza +10 kwenye dadu ya pande 20, kwa hiyo anahitaji 19 au 20 kwenye dadu kumtambua pepo ambaye hadithi zake zinasimuliwa kila hekalu. Pangeni kwa umaarufu badala ya nguvu: 10 kwa wale wanaojulikana mitaani, 15 kwa wa kawaida, 20 kwa adimu, 25 kwa yule ambaye yuko mmoja tu. Mchawi wa kiwango cha 5 mwenye +7 atafaulu mara 90 kati ya 100 kwa DC 10, mara 65 kwa DC 15, mara 40 kwa DC 20 na mara 15 kwa DC 25. Hizo namba zinachezeka.

---

Dadu_ya_Ishirini

Asante kwa uzi, dada. Swali moja: kikundi chenye vitabu mchanganyiko kifanyeje? Mwenye kitabu cha 2014 anasema viumbe wa kuzimu ni Arkana, mwenye cha 2024 anasema ni Dini.

---

MlinziWaLango

Mkuu, wote wawili wako sahihi kwa vitabu vyao. Kitabu cha wachezaji cha 2014 kinaweka malimwengu na wakazi wake chini ya Arkana, bila kugawa. Cha 2024 kimeleta kitendo cha Study chenye orodha: Arkana inashika vioja, elementali, vibwengo, madubwana na viumbe vya kuundwa. Dini inashika viumbe wa mbinguni, wa kuzimu na mizuka. Nature ina wanyama, majoka, uteute na mimea. History ina majitu na binadamu wa kila namna.

Kwa hiyo aliyewekeza kwenye Arkana peke yake amepoteza malaika, pepo na mashetani wote kwa pamoja. Kama mnahama toleo katikati ya kampeni, mpeni huyo mchezaji nafasi ya kubadilisha ujuzi mmoja, maana kilichobadilika ni kanuni, si yeye.

Jambo la pili watu hawaligusi. Dini inatumia Int. Kasisi wa kiwango cha 5 mwenye Int 10 na ujuzi wa Dini ana +3, yaani mara 45 kati ya 100 kwa DC 15, wakati mchawi mwenye ujuzi huohuo ana 65. Kitabu cha 2014 kina kanuni ya hiari ya kuoanisha ujuzi na sifa nyingine. Itumieni. Kasisi akikumbuka mafundisho ya ibada ya kumfukuza pepo, arushe Dini kwa Wisdom (busara): akiwa na 18 anapanda hadi +7. Akitaka kusoma maandishi ya wanazuoni kuhusu tabaka za Abyss, hapo arudi kwenye Int.

Na kumbukeni Study ni kitendo kizima cha zamu ukiwa vitani. Kitabu cha 2014 hakisemi ni kitendo au ni bure. DM aamue kabla vita havijaanza, si pale mtu anapouliza huku kazingirwa.

---

KeteTatu

Sisi tuliobaki na toleo la 3.5 (2003) tuna kanuni iliyoandikwa: DC ni 10 + HD (dadu za uhai) ya kiumbe, na kila pointi 5 za ziada zinaleta habari nyingine yenye faida. Kwa wageni wa malimwengu na elementali ni Maarifa ya malimwengu. Usipokuwa umejifunza hata kidogo, unajua mambo ya DC 10 kushuka chini tu. Kurudia hairuhusiwi: umejua au hukujua.

Imp (shetani mdogo) na quasit (pepo mdogo) wana HD 3, DC 13. Pit fiend ana HD 18, DC 28. Balor HD 20, DC 30. Hadi hapo inaingia akilini. Inapovunjika ni kwa elementali. Elementali ya hewa ndogo ina HD 2, DC 12. Kubwa ina 8, DC 18. Ile ya ngazi ya juu kabisa ina 24, DC 34. Ni upepo uleule unaozunguka, umeongezeka ukubwa tu, halafu mchawi anaambiwa hajui ni nini. Dawa yake: tumia HD ya mdogo wao kwa kutambua aina na kinga zake, na HD ya aliye mbele yako kwa kujua nguvu zake maalumu.

Kitu ambacho 3.5 inakifanya vizuri kuliko matoleo yote yaliyofuata ni alama mbili: mgeni na mwenyeji. Tiefling, janni, couatl na rakshasa wote ni viumbe wa asili ya malimwengu mengine, lakini ni wenyeji hapa. Wanakula, wanalala, na uchawi wa kufukuza wa Dismissal hauwagusi. Ukimtambua rakshasa ukakimbilia kumfukuza, umetupa uchawi. Hata kwa mgeni halisi, Dismissal ina uwezekano wa 20% wa kumpeleka ulimwengu usio wake.

---

Bi_Arkana

@KeteTatu nakubaliana kuhusu elementali. Hiyo ya kutenganisha aina na nguvu naichukua.

---

Mwanakuzimu

Naongezea upande wa dalili, maana ndipo DM wengi wanapowanyima wachezaji haki yao.

Chukueni imp na quasit. Wote wadogo kabisa, wote CR 1, wote wanatoweka machoni, wote wana ukinzani dhidi ya uchawi, wote wana sumu. Mtu akikutana na mmoja wao gizani atasema "kashetani" na kuendelea. Lakini imp hujigeuza panya, kunguru au buibui, na quasit hujigeuza popo, tandu au chura. Imp anachoma kwa mkia, quasit anaparura kwa kucha. Imp haunguzwi na moto hata kidogo. Quasit anaunguzwa, ila kwa nusu. Silaha ya fedha inamkata imp kama kawaida. Kwa quasit fedha haina maana yoyote, lazima silaha iwe na uchawi. Kwa hiyo mchawi mwenye kunguru asiyekula na mwenye popo asiyelala mchana ni kesi mbili tofauti, na mchezaji aliyezingatia hilo apewe jibu bila dadu.

Hilo la moto linapanuka hadi kwa wakubwa wao. Mashetani kwa kawaida wana kinga kamili ya moto na sumu, na ukinzani (madhara nusu) wa baridi. Pepo wana kinga ya sumu, na ukinzani wa baridi, moto na radi. Yugoloth kama mezzoloth wanafanana na pepo, ila wanaongeza kinga kamili ya tindikali. Mchawi anayeweza kurusha Fire Bolt (moto) na Acid Splash (tindikali) bila gharama ana kipimo mkononi. Moto haukufanya kitu: fikiria shetani. Moto umefanya nusu na tindikali haikufanya kitu: fikiria yugoloth. Moto nusu, tindikali yote: fikiria pepo. DM aseme waziwazi "limepungua nusu" au "halikugusa kabisa", asijibu tu "sawa, endelea", la sivyo kipimo hakina faida. Balor anaharibu mpangilio huu, kwa sababu moto haumgusi ingawa ni pepo. Na msidanganywe na umbo: shetani wa barafu ana kinga ya baridi na ya moto pia. Anayemwona mdudu mkubwa mweupe akakimbilia Fireball amepoteza nafasi ya uchawi ya daraja la 3.

Maji matakatifu: madhara ya 2d6 (dadu mbili za pande sita) kwa kiumbe wa kuzimu au mzuka, hakuna kwa mwingine. Chupa ni gp (vipande vya dhahabu) 25. Yanakwambia ni mmoja kati ya makundi mawili, hayakwambii ni lipi.

Lugha nayo ni kipimo. Mashetani wanazungumza Infernal, pepo Abyssal, yugoloth wanajua zote mbili. Slaad wana yao. Elementali wana Primordial na lahaja zake nne. Angalizo: hiyo ni kwa kusikia. Kwa maandishi, Abyssal na Infernal zote zinaandikwa kwa herufi za Infernal. Alama ukutani pangoni haitofautishi pepo na shetani mpaka mtu asome maneno yenyewe. Hali kadhalika Primordial inaandikwa kwa herufi za Kidwarvish, na Sylvan kwa za Kielvish. Deep Speech haina herufi kabisa, kwa hiyo DM akiweka kitabu cha Deep Speech ajue amevunja kitabu chake mwenyewe.

---

Dadu_ya_Ishirini

Mkuu hapo umemaliza. Sasa paladini na kasisi si wanaruka yote haya? Divine Sense au Detect Evil and Good, kwisha kazi.

---

MlinziWaLango

Hapana mkuu, na hapa ndipo vikundi vinaponaswa.

Detect Evil and Good ni daraja la 1, futi 30, inashikiliwa kwa umakini hadi dakika 10 (umakini ukivunjika, uchawi unaisha). Inanasa aina sita tu: vioja, wa mbinguni, elementali, vibwengo, wa kuzimu na mizuka. Futi moja ya jiwe inaizuia, inchi moja ya chuma cha kawaida pia, bati jembamba la madini ya risasi, au futi tatu za mbao au udongo. Maandishi ya 2014 yanasema unajua kama yupo na yuko wapi. Hayasemi kinaga ubaga kama unajua ni ipi kati ya hizo sita. Mwamue kikao cha kwanza.

Divine Sense ya 2014 ni futi 60 hadi mwisho wa zamu yako inayofuata, na inakutajia aina, ila ni wa mbinguni, wa kuzimu na mizuka tu, na asiwe amejificha nyuma ya kizuizi kamili. Matumizi ni 1 + nyongeza ya Charisma (haiba) kwa kila mapumziko marefu. Ya 2024 inakula tumizi la Channel Divinity (nguvu takatifu ya paladini) lakini inadumu dakika 10.

Wanaopita katikati ya nyavu zote mbili:

Modron. Kwao ni Mechanus, mgeni asiye na ubishi, lakini kwa aina ni kiumbe cha kuundwa. Uchawi haumwoni.

Buibui wa etha, yule anayeingia na kutoka Ethereal. Ni dubwana. Haonekani kwa Detect, lakini See Invisibility inamwona akiwa upande wa pili.

Githyanki wa 2014. Kwa aina ni mtu kama sisi.

Rakshasa. Huyu ni kiumbe wa kuzimu kweli, lakini hakuna uchawi wa daraja la 6 kushuka chini unaoweza kumwathiri au kumgundua bila ridhaa yake. True Seeing ni daraja la 6, kwa hiyo nayo imekwama. Divine Sense si uchawi wa daraja lolote, ni kipaji cha paladini, kwa hiyo inamnasa. Paladini wa kiwango cha 1 anaona alichokosa mchawi wa kiwango cha 15. Kama hakuna paladini, angalieni viganja: vya rakshasa vimegeuka nyuma mbele. Lakini anaweza kuvificha kwa Disguise Self, kwa hiyo mkono unaoguswa una thamani kuliko unaoonekana.

Halafu kuna Nystul's Magic Aura, daraja la 2, saa 24. Inabadilisha aina ya kiumbe mbele ya uchunguzi wa kichawi, na Divine Sense imetajwa humo kwa jina. Kasisi wa mji akionekana "binadamu" kwa kila kipimo lakini kunguru wake hali, rudini kwenye dalili za Mwanakuzimu.

---

KeteTatu

Na Banishment ya sasa ikoje? Kwetu ilikuwa wazi: mgeni anakwenda, mwenyeji anabaki.

---

Bi_Arkana

Matoleo mawili, majibu mawili.

2014 inauliza kwao ni wapi. Kama si mwenyeji wa ulimwengu mliopo na mmeshika umakini dakika nzima, harudi. Kama ni mwenyeji, anawekwa pembeni halafu anarudi palepale. 2024 inauliza aina: kioja, wa mbinguni, elementali, kibwengo au wa kuzimu akikaa huko dakika moja, harudi. Wengine wote wanarudi.

Mwekeni modron kwenye kanuni hizo. Kwa 2014 anakwenda Mechanus moja kwa moja. Kwa 2024 si mmoja wa aina tano, kwa hiyo anarudi. Sasa mchukueni dryad aliyeota msitu huuhuu mnaoutembea. Kwa 2014 anarudi baada ya dakika. Kwa 2024 ni kibwengo, anapelekwa kwingine na msitu unabaki bila mlinzi. Ndiyo maana swali la mchezaji kabla ya kurusha Arkana linategemea kitabu: wa 2014 aulize "kwao wapi?", wa 2024 aulize "aina gani?"

Dakika moja ni raundi 10. Wachezaji wanasahau kwamba mwenye umakini akipigwa anajaribu kwa DC 10 au nusu ya pigo, kubwa kati ya hizo. Akiangusha kwenye raundi ya saba, kiumbe anatokea tena akiwa na uhai uleule na hasira zaidi. Aliyefukuza asirushe kitu kingine cha umakini. Arudi nyuma ya safu na kutulia.

---

Dadu_ya_Ishirini

Na majini je? Djinni, efreeti, marid, dao. Wachezaji wa Pwani wanakuja na majini wanayoyajua wao, wanasubiri mtu apandishwe.

---

Mwanakuzimu

Mkuu, semeni mapema kwamba kwenye kitabu hakuna kupanda kichwani. Wote wanne ni elementali kwenye toleo la tano, wote CR 11: djinni wa hewa, efreeti wa moto, dao wa ardhi, marid wa maji. Ukimjua kwa kipengele chake umejua silaha. Djinni radi na ngurumo hazimgusi, efreeti moto haumgusi, marid anapunguza tindikali, baridi na radi. Ukitaka majini ya Pwani kwenye kampeni yako, tumia mizuka wa aina ya ghost, huyo ndiye mwenye uwezo wa kumwingia mtu, na umbadilishe maelezo.

---

Safari_ya_Astral

Nachelewa kuingia. Akishindwa dadu je? Kuna DM anatoa habari za uongo.

---

MlinziWaLango

Pathfinder toleo la pili, mchezo mwingine wa aina hii, imeliweka vizuri: Recall Knowledge (kukumbuka maarifa) ni siri, DM ndiye anayerusha, na uongo unatoka pale tu mtu anaposhindwa vibaya. DC inafuata kiwango cha kiumbe (kiwango cha 5 ni 20, cha 10 ni 27), ongeza 2 kwa asiye wa kawaida, 5 kwa adimu, 10 kwa wa pekee. Kwa D&D, ukitaka uongo, lazima urushe wewe nyuma ya pazia. Mchezaji aliyeiona 3 kwenye dadu yake mwenyewe haamini chochote utakachomwambia.

Aliyeshindwa asifungiwe mlango. Kitabu cha Xanathar's Guide cha 2017 kina utafiti wa mapumzikoni: wiki moja ya kazi na gp 50, jaribio la Int, na kila gp 100 za ziada zinaleta +1 hadi kufikia +6. Matokeo 6 hadi 10 habari moja, 11 hadi 20 mbili, 21 kuendelea tatu, chini ya hapo hamna. Kama kiumbe amewashinda wakakimbia, hapo ndipo fedha zao ziende.

---

Safari_ya_Astral

Na mchezaji anayeijua Monster Manual (kitabu cha viumbe) yote kichwani? Nikisema "chura mkubwa anayenuka" anajibu "hezrou" kabla sijamaliza.

---

Bi_Arkana

Mwache ajibu. Atakuwa amejua jina, na jina la hezrou halifichi hatari yoyote kubwa: harufu inafika futi 10, ufaulu jaribio la Con (ustahimilivu) DC 14, au unapatwa na sumu. Atakaa mbali futi 15 na vita vitakuwa vizuri.

Linda wale ambao jina lao ndilo siri yenyewe. Balor akifa analipuka, 20d6 za moto ndani ya futi 30, wastani 70, na aliyefaulu jaribio la Dex (wepesi) DC 20 anakula nusu. Hiyo ndiyo habari ya kuweka nyuma ya DC, na ndiyo ya kwanza kumpa mtu aliyeuliza "akifa inakuwaje?" Badilisha anachokionyesha: mwondolee mjeledi wa moto mwanzoni, mpe shoka, mfunike mabawa kwa joho. Acha joto lake pekee, nta ya mishumaa ya chumba kizima ikilainika kabla mlango haujafunguka. Aliyesoma kitabu atakuwa na watano wa kuchagua, na itabidi arushe dadu kama wenzake.